Mume Akisema, "Tuhamie Kusiko na Kodi"

Akina mama wenzetu, siku hizi simu zinazotoka Marekani zina habari mpya. Zamani ndugu akipiga alitueleza habari za baridi, kazi za usiku na upweke. Sasa wengi wanatuambia, "Tunahama. Tunakwenda Texas, kule hakuna kodi." Sisi tuliosoma uuguzi na wenzetu ambao baadaye walitawanyika huko tumeyasikia maneno haya kutoka kwa walioko Massachusetts na walioko Minnesota. Wakati mwingine anayetuuliza ni mama mkwe, tukiwa tumeketi na kikundi cha akina mama baada ya ibada. Anataka kujua kama ni kweli ipo nchi isiyotoza kodi, au mwanawe amedanganywa na watu.

Tumeona yafaa tulizungumze jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu uzito wa kuhama huangukia begani kwa mama. Baba hutazama hati ya mshahara. Mama ndiye anayejua mtoto wa pili ana pumu na daktari wake yuko mtaa gani, ndiye anayejua jirani wa kumwachia watoto akiwa zamu ya usiku, na ndiye atakayeanza upya kutafuta vyote hivyo mahali asipojulikana. Kabla ya kufunga masanduku, basi, ni haki yake kujua hiyo kodi inayokimbiwa ni kiasi gani, na huko waendako inarudi kwa mlango upi.

Kwetu swali hili halipo

Hapa Tanzania si rahisi kulielewa jambo hili haraka, kwa sababu kodi ya mapato haibadiliki kwa kuhama mkoa. Muuguzi wa Kigoma na muuguzi wa Dar es Salaam wenye mshahara mmoja hukatwa sawasawa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kitu, hatua ya kwanza baada ya hapo ni asilimia 8, na sehemu inayozidi shilingi milioni 1 hukatwa asilimia 30. Ukivuka bahari kwenda Unguja bado hujaikwepa, maana kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Kenya nako ni vivyo hivyo, awe mtu yuko Mombasa au Kisumu. Ndiyo maana sisi tukichagua mahali pa kukaa tunafikiria pango, maji, nauli na shule. Kodi ya mshahara haitujii hata akilini.

Wazee wetu hawakuwa na bahati hiyo. Serikali za kikoloni zilipoanza kutoza kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walijibanza wengi katika kibanda kimoja ili vihesabiwe vichache. (Sisi wauguzi tukisoma habari hizo tunafikiria kifua kikuu.) Wanaume wengine waliacha wake na mashamba wakaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kutafuta fedha ya kodi. Na walio na umri wetu wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ambayo siku ya msako iliwafanya akina baba kulala porini. Kwa hiyo kodi kuamua nani alale wapi si jambo la Wazungu peke yao.

Kiswahili chetu chenyewe kinatuchanganya kidogo hapa. Tunasema kodi kwa fedha inayokwenda serikalini, na tunasema kodi kwa fedha ya mwenye nyumba. Katika makala hii ya mwenye nyumba tutaiita pango, na mtaona baadaye kwamba huko Texas hizi mbili zimelala kitanda kimoja.

Kodi mbili juu ya mshahara mmoja

Marekani mfanyakazi hukatwa kodi ya mapato na serikali kuu, na hiyo ni ileile popote anapoishi. Hatua zake zinaanzia asilimia 10 na kupanda hadi 37 kwa wenye mapato makubwa sana. Hukatwa pia asilimia 7.65 kwa ajili ya pensheni ya uzeeni na matibabu ya wazee, nayo haina jimbo. Mtu akisema anakwenda kusiko na kodi, makato haya yote anakwenda nayo.

Kinachobadilika ni kodi ya jimbo. Kila jimbo linajipangia. Massachusetts hukata asilimia 5 ya mapato ya watu wa kawaida, na tangu 2023 huongeza asilimia 4 juu ya sehemu inayozidi dola milioni 1. Minnesota ina ngazi nne, kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85. Halafu yako majimbo tisa ambayo hayakati kodi ya jimbo kwenye mshahara wa mtu wa kawaida: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Texas wamelishikilia jambo hili kiasi kwamba mwaka 2019 wananchi walipiga kura na kuingiza katika katiba yao marufuku ya kodi ya mapato ya mtu binafsi.

Basi mume anayesema Texas haikati mshahara hasemi uongo. Muuguzi wa Massachusetts anayebaki na dola 80,000 za kutozwa kodi baada ya misamaha hukatwa na jimbo dola 4,000 kwa mwaka. Fedha hiyo inaweza kumlipia mdogo wake chuo hapa kwetu, tena ikabaki. Ndiyo sababu maneno haya yanavutia.

Hesabu ya mke

Lakini hesabu ya nyumba haiishii kwenye mstari mmoja. Jambo la kwanza ambalo mwanamke anayefanya kazi yetu angeuliza ni mshahara wenyewe. Mwaka 2023 wastani wa mshahara wa muuguzi aliyesajiliwa Massachusetts ulizidi dola 100,000 kwa mwaka, na Texas ulikuwa karibu dola 90,000. Maana yake ni kwamba kwa wastani kuhama huku kunapunguza mshahara kuliko kodi ya jimbo inavyookolewa. Tukiishia hapo, tungesema wabaki walipo.

Kisha njoo kwenye nyumba. Massachusetts nyumba ya kawaida inauzwa karibu mara mbili ya nyumba ya kawaida Texas, yaani kama dola 600,000 kwa 300,000. Tuseme wote wawili wamekopa bei yote, kwa riba ya asilimia 6.5 kwa miaka 30. Zile dola 300,000 za ziada zinamlazimisha yule wa Massachusetts kulipa zaidi ya dola 1,800 kila mwezi kumzidi mwenzake. Kwa mwaka hiyo inapita dola 21,000. Mbele yake zile dola 4,000 za kodi ni kama chumvi ya mboga.

Kwa maoni yetu hapa ndipo penye ukweli wa safari nyingi za Texas. Midomo inasema kodi, na miguu inafuata bei ya nyumba. Familia yenye watoto watatu inayobanana katika vyumba viwili karibu na Boston inaweza kupata nyumba yenye uwanja nje ya Dallas au Houston, na tena ikakuta huko Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi, makanisa yenye ibada ya Kiswahili, na mama wa kumsukia binti nywele Jumamosi. Tunalisema hili kwa sababu mke akielewa kuwa wanahamia nyumba, atauliza maswali ya nyumba. Akiambiwa wanakimbia kodi, atasahau kuyauliza.

Na maswali ya nyumba Texas yanaanza na kodi ya majengo. Jimbo lisilokata mshahara lazima lilipie walimu na polisi kwa fedha nyingine. Massachusetts mwenye nyumba hutozwa kwa wastani asilimia 1 na kidogo ya thamani ya nyumba yake kila mwaka. Texas wastani huzidi asilimia 1.5, na katika mitaa mipya iliyochipuka kandokando ya miji, ambako kuna deni la mabomba ya maji na barabara, hupita asilimia 2. Nyumba ya dola 300,000 inaweza kudaiwa dola 5,000 au 6,000 kwa mwaka. Na kodi hii haisikilizi hali. Kodi ya mapato hupungua mama anapojifungua na kukaa nyumbani, au baba anapoachishwa kazi. Kodi ya majengo hudaiwa vilevile hata kama sufuria liko tupu, na thamani ya nyumba ikipanda nayo hupanda, ingawa mshahara umelala.

Kuna nafuu ambayo familia nyingi za wageni huikosa kwa kutoijua. Mwenye nyumba anayeishi humo kama makao yake makuu ana haki ya kuondolewa sehemu ya thamani inapohesabiwa kodi ya shule. Mwaka 2023 msamaha huo ulipandishwa kuwa dola 100,000, na kwa kura ya Novemba 2025 ukafika dola 140,000. Ni lazima uombwe, kwa fomu, kwenye ofisi ya kata inayothamini majengo. Ukishaandikishwa, thamani inayotozwa kodi hairuhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nyumba aliyoinunua mtu ili apangishe hainufaiki na msamaha huu.

Mpangaji asidhani amepona. Mwenye nyumba huipeleka kodi ya majengo ndani ya pango. Hapo ndipo kodi na kodi zinapolala kitanda kimoja, na mpangaji hata fomu ya kuomba nafuu hana.

Liko pia duka. Texas kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 6.25, na miji huongeza hadi kufikia 8.25. Vyakula vingi vya kupika nyumbani havitozwi, lakini viatu na nguo za watoto hutozwa, isipokuwa siku chache za mwezi Agosti kabla ya shule kufunguliwa, ambapo nguo iliyo chini ya dola 100 huuzwa bila kodi. Minnesota nguo hazitozwi kabisa mwaka mzima. Massachusetts vazi lisilozidi dola 175 halitozwi. Mama mwenye watoto wanne wanaorefuka kila mwaka anajua uzito wa jambo hili, hata kama wataalamu wa kodi wangelipita haraka.

Si kila mama wa Minnesota ahame

Hatusemi haya kwa wauguzi waliosajiliwa tu. Wenzetu wengi huko huanza kama wahudumu wa wagonjwa katika nyumba za wazee, kwa malipo ya saa, na baadhi ni wajane au wameachwa. Kwao hesabu inageuka.

Tuchukue mama wa namna hiyo mwenye watoto wanne, mwenye kipato kidogo, anayeishi Minnesota. Kodi ya jimbo anayokatwa ni ndogo kwa sababu kipato ni kidogo. Mwaka 2023 jimbo hilo lilianzisha nafuu ya dola 1,750 kwa kila mtoto kwa familia za kipato cha chini, na mtu huipokea hata kama hadaiwi kodi kiasi hicho. Kwa watoto wanne ni dola 7,000. Mwaka huohuo jimbo lilianza kuwapa wanafunzi wote kifungua kinywa na chakula cha mchana bure shuleni. Akihamia Texas atakuwa ameikimbia kodi ambayo hakuwa akiilipa, na kuiacha fedha aliyokuwa akiipokea. Taasisi ya ITEP ya Marekani, iliyopiga hesabu za majimbo yote mwaka 2024, ilionyesha kuwa Texas familia maskini kabisa hutoa zaidi ya asilimia 12 ya kipato chao kwa kodi za jimbo na za mitaa, na matajiri wa juu kabisa hutoa chini ya asilimia 5. Minnesota mambo ni kinyume, matajiri hutoa sehemu kubwa kuliko maskini.

Kama wauguzi hatuwezi kunyamaza kuhusu matibabu. Texas ni kati ya majimbo ambayo hayakupanua bima ya serikali kwa watu wazima wa kipato cha chini, na kwa miaka mingi imekuwa jimbo lenye sehemu kubwa kuliko yote ya watu wasio na bima. Familia ambayo baba au mama ana bima ya kazini haitalisikia hili sana. Familia ambayo baba anaendesha teksi yake mwenyewe na mama analipwa kwa saa, na sukari au shinikizo la damu limeshaingia nyumbani, italisikia mwezi wa kwanza.

Ghuba: mshahara mzima, familia nusu

Kwa wengi wetu mahali pasipo na kodi si Texas bali ni Dubai, Doha, Riyadh au Muscat, ambako mabinti zetu wanakwenda kufanya kazi za hospitali na za majumbani. Huko mshahara haukatwi kodi ya mapato. Mawakala hulitaja jambo hili kabla ya mengine yote.

Hapa tungependa akina mama mlijue jambo moja lililotokea Saudi Arabia, maana halisemwi sana. Julai 2017 nchi hiyo ilianza kutoza ada kwa kila mke na mtoto wa mfanyakazi mgeni anayeishi naye, riyal 100 kwa mwezi kwa kila mmoja. Kila mwaka ikaongezwa riyal 100, na mwaka 2020 ilifika 400. Mtu mwenye mke na watoto watatu alitakiwa riyal 1,600 kila mwezi, yaani riyal 19,200 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya dola 5,000. Mwaka huohuo wa 2020, mwezi Julai, kodi ya ongezeko la thamani ikapandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15. Akina baba wengi kutoka nchi mbalimbali waliwarudisha wake na watoto kwao na kubaki peke yao. Mshahara haukuguswa hata kidogo, lakini kaya ilikatwa vipande viwili.

Falme za Kiarabu, mfanyakazi anayetaka kuleta familia lazima awe na mshahara wa dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Binti anayefanya kazi za ndani hafiki huko, kwa hiyo watoto wake hubaki kwa bibi. Mwenye kufika huko naye hukuta watoto wa wageni wanasoma zaidi shule za kulipia. Hivyo fedha isiyokatwa kwenye mshahara hugawanywa kati ya ada, pango na tiketi za ndege. Wanaofaidi kweli ni wale waliokwenda kwa miaka michache, bila watoto au watoto wakiwa wakubwa, na waliojua wanaweka akiba ya nini.

Hata sifa ya kutokata mshahara si ya milele. Oman, ambako tuna ndugu wengi wenye asili ya Zanzibar na wanaozungumza Kiswahili nyumbani hadi leo, ilitoa sheria Juni 2025 ya kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa sehemu inayozidi rial 42,000 kwa mwaka, na kupanga ianze 2028. Ni kiwango kikubwa, muuguzi hataguswa. Lakini ni nchi ya kwanza ya Ghuba kufungua mlango huo. Na ndugu aliyekwisha kuchukua uraia wa Marekani kisha akahamia Dubai asidhani ameachana na kodi za Marekani, kwani nchi hiyo huwadai raia wake hesabu za mapato yao popote walipo duniani.

Nani hasa huhama kwa sababu ya kodi?

Wasomi wamelichunguza hili sana. Walio wepesi kuhama ni vijana wenye vipaji, wanaolipwa sana na wasiofungwa na mahali. Wachezaji wa mpira wa Ulaya ni mfano ambao hata watoto wetu wa kiume wataelewa. Hispania ilipoweka mwaka 2004 nafuu ya asilimia 24 kwa wageni wapya wenye mishahara mikubwa, watu waliiita sheria ya Beckham, kwa jina la mchezaji aliyekuwa Real Madrid. Watafiti waliona kwamba nafuu ile iliwavuta wachezaji wa nje. Tangu 2015 wanamichezo hawamo tena.

Matajiri wenye familia ni wazito. Profesa Cristobal Young na wenzake walipopitia hesabu za kodi za mamilionea wote wa Marekani waliona kwamba kila mwaka huhama jimbo kama asilimia 2.4 ya mamilionea, huku kwa watu wote kwa jumla ikiwa 2.9. Sababu walizozitaja ni zilezile ambazo mama yeyote angezitaja bila kwenda chuo kikuu: wengi wameoa, wana watoto shuleni, wana biashara inayojulikana mahali walipo. Kodi ya asilimia chache haiwang'oi.

Wako wengine wanaojaribu kula pande mbili. Kati ya majimbo ya Washington na Oregon unapita mto Columbia. Kaskazini uko mji wa Vancouver, upande wa Washington, usiokata mshahara lakini unaotoza kodi ya mauzo. Kusini iko Portland, Oregon, ambako hakuna kodi ya mauzo kabisa lakini mapato hukatwa hadi asilimia 9.9. Watu huishi kaskazini na kuvuka daraja kwenda kununua friji kusini. Wajanja? Kwa kiasi. Anayelala Vancouver na kufanya kazi hospitali ya Portland hukatwa kodi na Oregon kwa mshahara alioupata kule. Hili linawahusu sana wauguzi wa mikataba ya muda, wanaoweka anwani Texas na kwenda kufanya kazi miezi mitatu California. California hukata fedha iliyochumwa California, bila kujali masanduku yako wapi.

Kama mmekwisha kuamua

Wenye kuamua kuhama wachukue karatasi moja na kuandika kwa mwaka mzima, si kwa mwezi: mshahara wa wote wawili kule waendako kwa barua ya ajira iliyokwisha kutolewa, si kwa maneno ya shemeji, bei ya nyumba pamoja na kodi ya majengo ya mtaa uleule, bima ya nyumba, ambayo Texas ni ghali kwa sababu ya mvua ya mawe na vimbunga, bima ya afya, malezi ya mtoto mdogo, gari la pili, kwani miji ile haina mabasi ya kutegemea, na tiketi za kwenda kuzika, maana Waafrika tunazikana. Kodi ya jimbo iandikwe humo kama mstari mmoja. Tumeona familia zilizofanya hivyo zikahama kwa amani, na tumeona nyingine zikaamua kuhama mtaa tu na kubaki jimbo lilelile.

Muuguzi asiache kazi kabla leseni ya jimbo jipya haijatoka. Texas imo katika mkataba wa leseni unaomruhusu mkazi wake kufanya kazi katika majimbo takriban 40, na hiyo kwa baadhi yetu ina faida kuliko hata kodi. Minnesota haimo, kwa hiyo anayetoka huko anaomba upya. Mwaka wa kuhama mtajaza hesabu ya kodi kwa jimbo mlilotoka kwa miezi mliyokaa, kwa hiyo tunzeni hati za mshahara, mkataba wa nyumba na tarehe ya kubadili leseni ya udereva, msije mkadaiwa mwaka mzima. Na angalieni kalenda ya watoto. Shule nyingi za Texas hufunguliwa katikati ya Agosti, wakati Minnesota wengi husubiri Septemba. Atakayepanga kuhama mwishoni mwa Agosti kwa mazoea ya alikotoka atakuta wenzao wa darasa wameshasoma wiki mbili, kwa hiyo Juni au mwanzo wa Julai ndiyo wakati mzuri, hata kama joto la Texas wakati huo litamfanya mama mkwe aliyekuja kusaidia kufunga mizigo aulize kama Minnesota ilikuwa mbaya kiasi gani.